Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Somo Kutokana na Filamu ya Freaky Friday

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tunaijua sote tangu shule ya msingi. Tunaiandika katika insha, tunatiwa alama ya vyema, kisha tunaisahau. Katika makala haya ningependa tuichunguze kwa njia nyingine, yaani kupitia filamu moja ya zamani ya kuchekesha ambayo chama chetu kiliitazama muhula wa pili.

Filamu yenyewe ni ya Kiingereza. Kwa hivyo kuna wanachama walionung'unika wakisema, “Chama cha Kiswahili na sinema ya Kizungu wapi na wapi?” Swali hilo si baya. Jibu langu ni kwamba tuliitazama kwa Kiingereza lakini tukaijadili kwa Kiswahili, na hapo ndipo tulipoona mambo mawili matatu kuhusu lugha yetu ambayo hayako katika filamu yenyewe. Nitaeleza historia ya filamu, muhtasari wake, wahusika na mbinu zake. Baadaye nitaingia katika sarufi, na mwisho kabisa nitauliza: je, hadithi hii inatuhusu vipi sisi wanafunzi wa shule ya kutwa? Aliyekosa siku ile asiwe na wasiwasi. Nitamsimulia.

1. FILAMU YENYEWE

Freaky Friday ilitengenezwa na kampuni ya Walt Disney nchini Marekani na ikatoka mwaka wa 1976. Mwelekezi wake alikuwa Gary Nelson. Kisa kilitoka katika riwaya yenye jina hilohilo iliyoandikwa na Mary Rodgers mwaka wa 1972, na mwandishi huyo ndiye pia aliyeandika mswada wa filamu. Mama anaigizwa na Barbara Harris, na binti anaigizwa na Jodie Foster. Huyu Jodie Foster alizaliwa Novemba 1962, kwa hivyo filamu ilipotoka alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 14. Ni mdogo kuliko wengi wetu hapa shuleni! Waigizaji hao wawili, mkubwa na mdogo, wote waliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe kwa kazi hiyo.

Hadithi imependwa kiasi kwamba imerudiwa mara kadhaa. Mwaka wa 2003 ilitengenezwa upya, ikachezwa na Jamie Lee Curtis na Lindsay Lohan, na mwaka wa 2025 hao wawili wakarudi tena katika Freakier Friday, ambayo ni mwendelezo wa ile ya 2003. Wengi wetu tulikuwa tunaijua hiyo ya 2003. Lakini mimi nasimama na ile ya 1976.

Hata hivyo, wazo la watu kubadilishana miili halikuanza na Disney. Mwaka wa 1882 mwandishi Mwingereza aliyejiita F. Anstey (jina lake halisi ni Thomas Anstey Guthrie) alichapisha riwaya iitwayo Vice Versa. Humo baba mmoja tajiri wa London anamhubiria mwanawe anayelia kurudi shule ya bweni. Anamwambia kwamba maisha ya shule ni raha tupu, na kwamba yeye mwenyewe angependa kuwa mvulana tena. Bahati mbaya, anayasema hayo akiwa ameshika jiwe la ajabu kutoka India. Papo hapo anageuka kuwa mvulana! Naye mtoto, ambaye si mjinga, analichukua jiwe na kuomba awe kama baba yake. Basi mzee wa watu anapelekwa bwenini kwa mwalimu mkuu mkali, na mtoto anabaki nyumbani akiwa bwana mkubwa. Riwaya hiyo ilifanywa filamu na Peter Ustinov mwaka wa 1948. Kabla ya hapo, mwaka wa 1940, kulikuwa na filamu ya Marekani iitwayo Turnabout, ambapo wanaobadilishana ni mume na mke.

Kwa hivyo tukihesabu, watu wamekuwa wakicheka jambo hili kwa zaidi ya miaka 140. Kitu hakichekwi muda wote huo kama hakina ukweli ndani yake.

2. MUHTASARI

Annabel Andrews ni msichana wa miaka 13. Chumba chake ni vurugu mechi, nguo huku, vitabu kule. Mama yake, Bi. Ellen, ni mke wa nyumbani anayependa kila kitu kiwe mahali pake. Hawapatani. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 13, siku ambayo Wamarekani wengi huiona kuwa ya mkosi, wanagombana kama kawaida yao. Baadaye, kila mmoja akiwa mahali pake, wote wawili wanatamka maneno yaleyale kwa wakati mmoja, ambayo maana yake ni kwamba laiti wangebadilishana nafasi kwa siku moja tu.

Lahaula! Inakuwa. Nafsi ya Annabel inaingia katika mwili wa mama, na nafsi ya mama inaingia katika mwili wa Annabel.

Mwanzoni kila mmoja anafurahi. Annabel anaona sasa ni mtu mzima, hakuna wa kumwamrisha. Mama naye anaona ataenda shule, akae tu darasani asikilize, si basi? Lakini wapi! Annabel anapambana na mashine ya kufulia ambayo inataka kummeza. Watu wanabisha mlangoni mmoja baada ya mwingine. Kisha mume, yaani baba yake mwenyewe, anapiga simu na kumwambia ati jioni hiyo aandae chakula cha wageni 25. Wageni 25, na hajui hata kupika!

Kule shuleni mambo si afadhali. Mama katika mwili wa binti anaharibu kazi ya darasa zima la upigaji picha. Katika somo la kupiga chapa anazitia mashine hitilafu. Bendi ya shule inamshinda, na katika mpira wa magongo timu yake inashindwa kwa sababu yake. Juu ya hayo yote, jioni anatakiwa kuteleza juu ya maji akivutwa na motaboti mbele ya umati, katika sherehe ambayo mumewe ameiandaa kazini.

Mwisho wote wawili wanachoka na kutamani kurudi walivyokuwa. Wanarudi kweli, lakini kwa vituko: mama anajikuta yeye mwenyewe majini juu ya mbao zile, na Annabel anajikuta nyuma ya usukani wa gari, polisi wakimfukuza, na kuendesha hajui. Sitasimulia zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna anayekufa, na kwamba kabla filamu haijaisha, baba na mtoto wake wa kiume nao wanaanza kuoneana wivu. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

3. WAHUSIKA

Annabel. Ni mwerevu lakini mvivu wa mambo ya nyumbani. Anabadilika. Mwanzoni anadhani utu uzima ni uhuru. Mwishoni anajua kwamba mtu mzima haamrishwi na mtu mmoja, anaamrishwa na kila kitu: saa, jiko, simu, wageni.

Bi. Ellen. Ni mpole, nadhifu, na amesahau alivyokuwa akiwa na miaka 13. Naye anabadilika. Anagundua kuwa siku ya mwanafunzi ina mitihani mingi zaidi ya ile inayosahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Ben. Huyu ni kitinda mimba wa familia, mdogo wake Annabel. Kwangu yeye ndiye mhusika muhimu kuliko wengi walivyodhani tulipojadiliana. Annabel anamwona kuwa kero tupu. Lakini akiwa katika mwili wa mama, anaongea na Ben, na Ben, akidhani anaongea na mama, anakiri kwamba anampenda na kumhusudu sana dada yake. Ati amejaribu hata kuwa mchafu kama yeye lakini hawezi! Hapo watazamaji walicheka, lakini Annabel hachekeshwi. Yeye ananyamaza. Miaka yote ameishi nyumba moja na mtoto huyu na hakujua anapendwa.

Bw. Bill. Ndiye baba. Si mtu mbaya, ila ana tabia ya kutoa amri kwa simu na kusahau. Annabel, aliyekuwa akimwona baba kuwa malaika, anapokea amri hizo kwa masikio ya mama. Siku moja tu inatosha kumfungua macho.

4. MBINU

Kinaya. Hii ndiyo mbinu kuu. Sisi watazamaji tunajua nani yuko ndani ya nani, lakini wahusika wengine hawajui. Ben anaposema siri yake, sisi tunajua anayesikia si mama.

Sadfa. Maneno yaleyale, dakika ileile, midomo miwili. Maishani jambo hili ni nadra, lakini bila sadfa hiyo hakuna hadithi.

Chuku. Mashine ya kufulia haiwezi kuasi namna ile. Lakini kwa mtu asiyejua kuitumia, hivyo ndivyo inavyoonekana. Chuku hapa inatuonyesha kitu kwa macho ya anayekiogopa.

Msimulizi. Katika riwaya ya 1972, anayesimulia ni Annabel peke yake, akiwa ndani ya mwili wa mama. Siku ya mama hatuioni wakati inatokea. Filamu imeongeza upande wa pili, tunawaona wote wawili. Naona filamu imefanya haki zaidi. Kesi haisikizwi kwa shahidi mmoja.

5. KISWAHILI CHA KUBADILISHANA MIILI

Hapa ndipo penye utamu kwa wapenzi wa lugha. Tulipoanza kusimuliana filamu kwa Kiswahili, mambo matatu yalijitokeza.

(a) Yeye. Katika Turnabout, mume yuko katika mwili wa mke. Msimulizi wa Kiingereza anapata shida palepale, kwa sababu lugha hiyo ina neno moja la kumtaja mwanamume na lingine la kumtaja mwanamke. Atumie lipi? Kiswahili hakina tabu hiyo. Sisi tunasema “yeye”, tunasema “alikuja”, “alilia”, basi. Ngeli ya A-WA haiulizi kama mtu ni mume au mke, mkubwa au mdogo. Inauliza tu kama ana uhai. Kwa hivyo hadithi za aina hii zinakaa vizuri katika Kiswahili kama mguu katika kiatu chake.

(b) Heshima. Lakini tusijisifu mapema! Kiswahili kina shida yake ambayo Kiingereza hakina. Chukua “shikamoo”. Sisi wa bara hatuitumii sana nyumbani, lakini tunaijua. Mdogo ndiye huamkia, mkubwa huitikia “marahaba”. Sasa, mtoto akiwa katika mwili wa mama, nani amwamkie nani? Mwanachama mmoja alisema heshima hufuata mwili, kwa kuwa jirani akisikia mama anamwamkia mtoto ataita watu. Mwingine akasema heshima hufuata nafsi, kwa kuwa mama ni mama hata akivaa sare ya shule. Mjadala huo ulichukua nusu saa nzima na mlezi wetu akalazimika kupiga meza. Mimi niko upande wa nafsi. Lakini nakubali kwamba mbele za watu ningefuata mwili, nisije nikapelekwa kwa mganga.

(c) Nge na ngali. Filamu yote imejengwa juu ya sentensi moja ya kutamani. Kwa Kiswahili kutamani kwa namna hiyo kunahitaji “laiti” pamoja na “-nge-” au “-ngali-”. Walimu wetu wanatufunza hivi:

“-nge-” hutumika kwa jambo ambalo halipo sasa, lakini bado linawezekana. Mfano: Ningekuwa mama kwa siku moja, ningelala mpaka saa tatu. Kukanusha: Nisingekuwa na kazi, ningekuja.

“-ngali-” hutumika kwa jambo lililopita, ambalo nafasi yake imekwisha. Mfano: Ungalifika mapema, ungalimkuta. Hukufika, hukumkuta, na gari limeondoka.

Kosa la kawaida katika mitihani ni kuyachanganya katika sentensi moja, kama vile “Ungefika mapema, ungalimkuta.” Ukianza na nge, maliza na nge. Ukianza na ngali, maliza na ngali.

Annabel na mama yake wanatamani kwa “-nge-”. Ndiyo maana ombi lao likajibiwa. Angalia jambo hilo vizuri, kwa sababu nitalirudia.

6. FILAMU HII NA SISI

Mmoja wetu alisema filamu hii ni ya matajiri. Mama wa kule ana mashine ya kufulia na gari, ana na mtu wa kumsaidia kazi za nyumbani. Sisi mashine yetu ni karai na mikono. Ni kweli. Lakini naona sisi wa shule ya kutwa tuna faida ambayo wenzetu wa bweni hawana. Mwanafunzi wa bweni humwona mzazi wake likizoni na siku ya wazazi. Sisi tunawaona kila siku asubuhi na jioni. Tatizo ni kwamba tunawaona bila kuwatazama.

Kwa hivyo nilijipa zoezi. Kwa wiki moja niliandika katika daftari saa za mama yangu, kama vile tunavyoandika ratiba ya masomo. Mama anauza mboga sokoni. Saa kumi alfajiri yuko macho, maana magari ya mboga hayamsubiri mtu. Saa kumi na mbili ndiyo naamka mimi, chai iko tayari. Saa kumi na mbili na nusu naenda shule, yeye yuko sokoni tayari, ameshapanga mafungu. Anarudi saa moja usiku. Mimi napika ugali, yeye anachambua sukuma wiki ya kesho huku akihesabu sarafu. Saa nne unusu ndipo taa inazimwa. Nilijumlisha: saa kumi na nane na nusu macho, saa tano na nusu za kulala. Katika ratiba hiyo hakuna kipindi cha michezo.

Nilimsimulia filamu tukiwa jikoni. Alicheka sana pahali pa wageni 25. Kisha nikamuuliza, “Mama, wewe ungekubali tubadilishane siku moja?” Nilitarajia aseme hapana, ama aseme shule ni raha kama yule baba wa Vice Versa. Hakusema hivyo. Alisema, “Hata hesabu ningefanya, na mnavyosema ni ngumu.” Mama aliishia darasa la saba kwa sababu ya karo. Akaendelea kuchambua mboga, halafu akasema, “Ningalisoma, ningalikuwa nesi.”

Msomaji mpendwa, mama yangu hajui ngeli wala hajawahi kufunzwa tofauti ya nge na ngali. Lakini aliitumia sawasawa. Swali langu alilijibu kwa nge. Maisha yake aliyasema kwa ngali.

Hapo nikaona pengo la filamu. Bi. Ellen wa Freaky Friday alikwisha kusoma, kwa hivyo kwake kurudi darasani ni vituko. Katika nyumba nyingi za huku kwetu, mzazi akiingia katika mwili wa mtoto wake, angeketi dawati la mbele. Methali inasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana yake mzigo wa mtu mwingine huonekana mwepesi. Lakini mama haoni mzigo wangu kuwa usufi. Anajua ni mzito, na bado angeubeba.

Nalitaja jambo hili kwa sababu nyingine. Mwaka huu mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu aliacha shule. Jina lake silitaji. Alikuwa akituambia kwamba kuwa mtu mzima ni kuwa huru, una pesa zako, hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu. Ni maneno ya Annabel kabisa. Siku hizi anabeba abiria kwa pikipiki. Nilikutana naye jioni moja nikitoka shule. Akaniuliza tumefika wapi katika fasihi. Nikamwambia tuko katika tamthilia. Akasema, “Ile ilikuwa tamu,” halafu mteja akaita, akaenda.

Simhukumu. Huenda kuna mambo ya nyumbani ambayo siyajui, na kitanda chake sijakilalia. Lakini tofauti kati yake na Annabel ni moja. Annabel alipewa siku moja, akaonja, kisha akarudishwa. Sisi hatuna filamu. Ukiingia katika utu uzima kabla ya wakati, hakuna tarehe 13 ya kukurudisha. Ila yeye bado ana miaka kumi na saba, na mlango wa shule haujafungwa. Dawati lake liko pale karibu na dirisha. Kwake yeye bado ni nge. Ndugu, ukisoma gazeti hili, rudi kabla haijawa ngali.

7. HITIMISHO

Tumeona kwamba Freaky Friday ni filamu ya vichekesho, lakini ndani yake kuna swali zito: unamjua kweli unayeishi naye? Hatuwezi kubadilishana miili. Tunaloweza ni mambo mawili madogo: kutazama na kuuliza. Daftari langu na swali moja la jikoni vilinifunza mengi kuliko nilivyotarajia.   Wale walionung'unika, muhula ujao leteni filamu yenu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza mbinu ya kinaya ukitumia mazungumzo ya Ben na “mama” yake.
2. Sahihisha: (a) Ningejua, ningalikuambia. (b) Asingalikuja, tungekula.
3. “Heshima hufuata mwili.” Jadili kwa hoja nne, mbili za kuunga na mbili za kupinga.
4. Taja methali tatu zenye maana inayokaribiana na “Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.”
5. Andika ratiba ya siku moja ya mzazi au mlezi wako kutoka anapoamka hadi anapolala. Usimuulize. Mtazame tu. Kisha mwonyeshe, akusahihishie.